Anna Massey: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha yake, ukoo wake na uigizaji wake

Anna Massey alikuwa nani?

Alikuwa mwigizaji Mwingereza wa jukwaa, filamu, televisheni na redio. Alizaliwa tarehe 11 Agosti 1937 huko Thakeham, Sussex, kusini mwa Uingereza, na alifariki tarehe 3 Julai 2011 akiwa na miaka 73. Alianza kazi akiwa na miaka 17 na hakuiacha kwa zaidi ya nusu karne. Wengi wanaiona sura yake wakasema, "Huyu mama nimeshamwona mahali," halafu jina wasilikumbuke. Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yao hasa.

Kwa nini anaitwa mwigizaji wa uhusika? Hakuwa staa?

Watazamaji wetu wa muvi wana msemo kwamba steringi hafi. Hadithi inamlinda, kamera inamfuata, na mwisho anabaki amesimama. Anna Massey aliishi upande wa pili wa hadithi. Alikuwa baamedi anayeuawa katikati ya filamu, mtunza nyumba aliyevaa nguo nyeusi, shangazi mwenye roho mbaya, mwalimu wa nyumbani mwenye siri, mama mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Watu hao hupewa dakika chache tu, na ndani ya dakika hizo inabidi mtazamaji aamini kwamba walikuwapo kabla kamera haijafika na wataendelea kuwapo ikishaondoka.

Waigizaji wengi wanavaa uhusika kwa kuongeza vitu: lafudhi, mwendo wa kuchechemea, kicheko cha ajabu. Yeye alipunguza. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa na sauti kavu inayotamka kila herufi, na alijua kutulia. Uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa ambao unaona mwanga wa taa chini yake. Unajua kuna mtu ndani, unajua hajalala, ila hakufungulii. Kwangu mimi huo ndio ufundi wake mkuu, na karibu kila jibu linalofuata linarudi hapo.

Ukoo wao wa waigizaji ni upi?

Baba yake ni Raymond Massey, mzaliwa wa Toronto, Kanada, mwaka 1896. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito na uso wa mifupa, na Wamarekani wa kizazi chake wakimfikiria Abraham Lincoln waliona sura ya Raymond. Alimwigiza rais huyo jukwaani kuanzia mwaka 1938, kisha katika filamu ya *Abe Lincoln in Illinois* ya mwaka 1940 iliyompatia uteuzi wa Oscar. Baadaye, katika miaka ya 1960, televisheni ilimfanya Dk. Gillespie wa *Dr. Kildare*.

Mama yake ni Adrianne Allen, mwigizaji wa vichekesho vya kistaarabu vya London. Tamthilia ya *Private Lives* ya Noël Coward, mwandishi na mwigizaji maarufu wa London, ilipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1930, mhusika Sibyl aliigizwa na yeye. Mwaka 1935 alikuwa Elizabeth Bennet wa *Pride and Prejudice* kwenye Broadway, New York.

Kaka yake ni Daniel Massey, aliyezaliwa mwaka 1933. Akiwa bado mtoto aliigiza mwana wa nahodha katika *In Which We Serve* ya mwaka 1942, na nahodha mwenyewe alikuwa Noël Coward, ambaye pia ni baba yake wa ubatizo. Miaka 26 baadaye Daniel alimwigiza huyo huyo Coward katika filamu ya *Star!*, akapata tuzo ya Golden Globe na uteuzi wa Oscar.

Hata mawifi walikuwa wa fani. Daniel alimwoa Adrienne Corri, wakaachana, kisha Penelope Wilton, ambaye watazamaji wa leo wanamfahamu kama Isobel Crawley wa tamthilia ya televisheni ya *Downton Abbey*.

Hawa ndio Massey wa matrekta ya Massey Ferguson?

Ndiyo, ni damu ile ile. Kiwanda cha zana za kilimo kilianzishwa huko Ontario mwaka 1847 na Daniel Massey, kikakuzwa na mwanawe Hart Massey, ambaye ni babu yake Raymond. Kwa hiyo jina ambalo wakulima wa nchi nyingi wameliona limeandikwa ubavuni mwa trekta ndilo jina la binti huyu wa jukwaani. Kaka yake Raymond, Vincent Massey, alishika wadhifa wa Gavana Mkuu wa Kanada kuanzia 1952 hadi 1959, wa kwanza kuzaliwa nchini humo.

Raymond ndiye aliyeuacha mkondo wa ukoo. Alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, akajeruhiwa Ubelgiji, kisha akapelekwa Siberia. Huko, katika kuwaburudisha wanajeshi wenzake, akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Aliporudi, zana za kilimo hazikumshika tena.

Basi Anna alifundishwa kuigiza na wazazi wake?

Watu hudhani hivyo kwa sababu ya ule usemi kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini wazazi wake waliachana mwaka 1939, Anna akiwa hajafikisha hata miaka miwili. Baba akaenda Marekani, akawa raia wa huko, akawa sauti ya mbali. Mama alikuwa mtu wa jukwaani na wa mialiko ya jioni. Malezi ya kila siku yalikuwa mikononi mwa yaya.

Talaka yenyewe ni kisa cha aina yake. Mawakili waliohusika nayo walikuwa mume na mke, William na Dorothy Whitney. Baada ya kesi, mawakili hao nao waliachana, kisha Raymond akamwoa Dorothy na Adrianne akaolewa na William. Inasimuliwa kwamba kisa hicho ndicho kilichowapa waandishi wa *Adam's Rib* ya mwaka 1949 wazo la filamu kuhusu wanandoa mawakili.

Ninaiweka habari hii hapa kwa sababu inaeleza jambo ambalo wasifu mwingi unalipita haraka. Anna alirithi jina la baba bila kurithi uwepo wake, na hakusoma chuo chochote cha uigizaji. Alijifunza kazini, mbele ya watu waliokata tiketi. Mtoto anayekulia katika nyumba ambayo wakubwa wanakuja na kuondoka hujifunza kuwasoma nyuso zao mapema, na mimi nikimtazama akimsikiliza mwigizaji mwenzake naona mtu aliyeanza kusoma nyuso akiwa mdogo sana.

Alianzaje?

Kwa kishindo. Mwaka 1955 alipewa nafasi ya binti katika *The Reluctant Debutante* ya William Douglas-Home, tamthilia ya kuchekesha kuhusu msichana asiyetaka kutolewa kama mwali kwenye madansa ya matajiri wa London. Ilipendwa sana, na mwaka 1956 ikapelekwa Broadway. Huko, aliyemwigiza mama wa binti huyo alikuwa Adrianne Allen, mama yake mzazi. Kila usiku mama na binti wakawa wanaigiza mama na binti mbele ya Wamarekani.

Mafanikio ya mapema namna hiyo yana bei yake. Msichana wa miaka 17 ambaye hajawahi kufundishwa hawezi kusema alichokifanya amekifanyaje, na kesho yake anatakiwa akirudie. Kwa Anna hofu ya jukwaa ilikuwa adui wa miaka mingi.

Ni kweli filamu yake ya kwanza iliongozwa na baba yake wa ubatizo?

Kweli. Ni John Ford, yule bingwa wa filamu za cowboy. Alikuja London kupiga *Gideon's Day*, iliyotoka mwaka 1958, filamu ya siku moja katika maisha ya mkaguzi wa Scotland Yard, polisi wa London. Jack Hawkins ndiye mkaguzi, Anna ndiye binti yake. Mlango huo ulifunguliwa na ukoo na hakuna haja ya kulificha. Swali la maana ni aliufanyia nini, na jibu lilikuja miaka miwili baadaye.

Kwa nini kila anayemzungumzia anaitaja *Peeping Tom*?

Kwa sababu mbili: ilivyopokelewa, na alivyoigiza.

Iliongozwa na Michael Powell mwaka 1960. Powell alishafanya kazi na Raymond Massey katika *49th Parallel* na *A Matter of Life and Death*, kwa hiyo jina halikuwa geni kwake. Hadithi ni ya kijana mpiga picha, Mark, anayeua wanawake huku akirekodi hofu yao kwa kamera. Anna ni Helen, mpangaji wa chini katika nyumba ya Mark, msichana mpole anayeishi na mama yake kipofu. Wahakiki wa London waliishambulia filamu hiyo kwa maneno makali mno, ikaondolewa haraka, na heshima ya Powell ikaporomoka. Ilichukua karibu miaka 20 kabla haijarudishwa kwa heshima, mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese akiwa miongoni mwa waliopigania irudi. Leo inahesabiwa kati ya filamu kubwa za Uingereza.

Kuna sini moja ninayomwomba kila mtu aitazame mara mbili. Helen yuko peke yake katika chumba cha Mark, chenye giza na mashine za filamu. Anawasha projekta. Sisi hatuonyeshwi anachokiona, kamera inabaki kwake. Mwanzoni ana udadisi wa kawaida wa mtu anayechungulia kazi ya rafiki. Kisha unaona hajaelewa. Kisha unaona ameanza kuelewa na anakataa kuelewa. Hapigi kelele ya muvi za kutisha. Pumzi inabadilika, mwili unarudi nyuma kabla akili haijauamuru. Alikuwa na miaka 22 tu. Filamu nzima inahusu uso wa mwanamke anayeogopa, na uso wenye ukweli kuliko nyuso zote ndani yake ni wa Helen, ambaye Mark hataki kumrekodi.

Na mwongozaji Alfred Hitchcock?

*Frenzy*, mwaka 1972. Anna ni Babs, baamedi mchangamfu anayefanya kazi karibu na soko la Covent Garden, mmoja wa wachache wanaomwamini mwanamume aliyesingiziwa mauaji. Ni miongoni mwa nafasi zake chache zenye joto la waziwazi, na ndiyo maana kifo chake kinauma.

Hatukioni. Muuaji, mfanyabiashara wa matunda aliyeigizwa na Barry Foster, anampandisha Babs ngazi kwenda kwenye chumba chake. Kamera inawafuata juu. Mlango unafungwa. Kamera, badala ya kuingia, inaanza kurudi kinyumenyume, inashuka ngazi polepole katika ukimya, inapita ukumbini, inatoka nje, na ghafla kelele za soko zinarudi: wabeba mizigo, magari, watu na shughuli zao. Hakuna anayejua. Mabingwa wa kamera wameisifu picha hiyo kwa miaka 50, na wana haki. Mimi naongeza kwamba isingekuwa na uzito wowote kama mwanamke aliyebaki nyuma ya mlango ule tusingekuwa tumempenda, na Anna alipewa muda mfupi sana wa kutufanya tumpende.

Aliolewa na Jeremy Brett, yule aliyemwigiza mpelelezi Sherlock Holmes?

Ndiyo, mwaka 1958, kabla Brett hajajulikana duniani. Walipata mtoto mmoja wa kiume, David Huggins, ambaye baadaye akawa mwandishi wa riwaya. Huggins ndilo jina la kuzaliwa la Brett. Waliachana mwaka 1962.

Wapenzi wa Holmes watafurahia hili: Raymond Massey naye alikuwa Sherlock Holmes, katika *The Speckled Band* ya mwaka 1931. Kwa hiyo Anna alikuwa binti wa Holmes mmoja na aliwahi kuwa mke wa mwingine.

Ni kweli waliigiza pamoja baada ya talaka?

Kweli, na ni katika kazi iliyo bora kabisa. Mwaka 1979 BBC ilitengeneza *Rebecca* kwa televisheni, kutokana na riwaya ya Daphne du Maurier. Brett alikuwa Maxim de Winter, bwana wa jumba la Manderley. Joanna David alikuwa mke mpya, asiye na hata jina. Na Anna alikuwa Bi Danvers, mtunza nyumba ambaye bado anamtumikia mke aliyekufa.

Bi Danvers huwavutia waigizaji wakamgeuza jini. Anna alimfanya mfiwa. Anapomwonyesha mke mpya chumba cha marehemu, nguo zake, vitu vyake vilivyopangwa kama vile mwenyewe anarudi jioni, vidole vyake vinagusa kitambaa kwa upole ambao hajampa mtu hai yeyote katika nyumba ile. Unamwogopa na unamhurumia kwa pumzi moja. Talaka yao wakati huo ilikuwa na miaka 17. Sitaki kudai kwamba ndoa ya zamani inaonekana kwenye skrini, maana Danvers na Maxim ni watu wengine kabisa. Ninachokiona ni watu wawili waliofanya kazi ngumu kwa ukamilifu.

Aliwahi kuigiza na kaka yake?

Ndiyo. Mfano rahisi kuupata ni *The Vault of Horror* ya mwaka 1973, filamu yenye visa kadhaa vya kutisha. Katika kimojawapo Daniel anamuua dada yake ili apate urithi, na dada ni Anna. Ni kisa cha wanyonya damu, kifupi, na hakuna anayekitaja katika orodha ya kazi zao kubwa. Daniel alifariki mwaka 1998.

Kwa jukwaani, anakumbukwa kwa nini hasa?

Mwaka 1961 alikuwa Annie Sullivan katika *The Miracle Worker* huko London, mwalimu wa Helen Keller, mtoto kipofu na kiziwi, nafasi inayochosha mwili kama mechi ya mieleka. Lakini kama ni moja tu, basi ni Miss Prism.

Mwaka 1982 Peter Hall aliongoza *The Importance of Being Earnest* ya Oscar Wilde katika National Theatre. Judi Dench alikuwa Lady Bracknell, na Anna alikuwa Miss Prism, mwalimu wa nyumbani ambaye zamani alichanganya mambo, akaweka mswada wa riwaya yake katika kigari cha mtoto na mtoto mwenyewe katika mkoba, kisha akauacha mkoba stesheni. Nafasi ni ndogo. Wengi wanaitumia kupata vicheko viwili na kuondoka. Anna alipata vicheko, na pia alimwonyesha mwanamke aliyeishi miaka 28 akisubiri kuulizwa swali moja. Alipewa tuzo ya Laurence Olivier ya mwigizaji msaidizi.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2002, Oliver Parker akaitengeneza filamu ya tamthilia hiyo, na wakaitwa wale wale: Dench kwa Bracknell, Massey kwa Prism.

Alikuwa mwigizaji mkuu wakati wowote?

Hapa ndipo *Hotel du Lac* inapoingia. Ni filamu ya televisheni ya BBC ya mwaka 1986, kutokana na riwaya ya Anita Brookner iliyoshinda tuzo ya Booker mwaka 1984. Anna ni Edith Hope, mwandishi wa riwaya za mapenzi aliyemwacha bwana harusi siku yenyewe ya harusi. Marafiki wanampeleka kwenye hoteli tulivu kando ya ziwa huko Uswisi akatulie hadi aibu ipoe. Huko anajitokeza mwanamume mstaarabu, aliyeigizwa na Denholm Elliott, anayempa ndoa isiyo na mapenzi kama mtu anayempa mwenzake mkataba.

Kwa nje hakuna kinachotokea. Edith anakunywa chai, anatembea, anawasikiliza wageni wengine wakijisifu. Ni hadithi iliyohitaji mtu anayeweza kubeba filamu nzima kwa kusikiliza, na ule ufundi alioujenga katika nafasi za kando kwa miaka 30 ukapata nafasi ya kutosha. BAFTA, chuo cha filamu na televisheni cha Uingereza kinachotoa tuzo, ilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa televisheni.

Nafasi nyingine za kutaja?

Ni nyingi kuliko ukurasa huu. Bi Norris katika *Mansfield Park* ya BBC mwaka 1983, shangazi anayeweza kumdhalilisha mpwa kwa kipande cha mkate tu. Lucetta katika *The Mayor of Casterbridge* mwaka 1978, pamoja na Alan Bates. Mwalimu wa chekechea katika *Bunny Lake Is Missing* mwaka 1965. Mama mwenye nyumba katika *The Machinist* mwaka 2004, pamoja na Christian Bale. Na ndiyo, alimwigiza Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, katika *Pinochet in Suburbia* ya mwaka 2006, huku Derek Jacobi akiwa Pinochet, dikteta wa zamani wa Chile.

Na redioni?

Waingereza wengi wanaijua sauti yake kabla ya uso. Alisimulia *This Sceptred Isle* ya BBC Radio 4, historia ndefu ya Uingereza iliyoanza kurushwa mwaka 1995. Ile sauti kavu, isiyojipendekeza, ilifaa kuhesabu wafalme na vita.

Maisha yake ya baadaye yalikuwaje?

Mwaka 1988 aliolewa na Uri Andres, mwanasayansi mzaliwa wa Urusi, na wakakaa pamoja hadi mwisho. Mwaka 2005 alitunukiwa CBE, nishani ya heshima ya Uingereza, na mwaka 2006 akatoa kitabu cha maisha yake, *Telling Some Tales*. Alifariki kwa saratani.

Sijawahi kumwona. Nianzie wapi?

Anza na *Peeping Tom*, lakini si usiku ukiwa peke yako. Kisha *Rebecca* ya mwaka 1979, yote, kwa mpangilio. Halafu filamu ya *Earnest* ya mwaka 2002. Ukifika pale Lady Bracknell anapolitaja jina la Prism kwa sauti kubwa, mwache Judi Dench, ambaye kila mtu atakuwa anamtazama. Mtazame mwanamke anayekuja akiwa hajui nani anamwita, na uangalie kinachotokea usoni mwake anapojua.